Zimwi Likionekana: Riwaya za Kutisha Zilizogeuzwa Filamu na Funzo Lake Darasani

Utangulizi

Wakati mmoja nilikuwa nikisahihisha majibu ya mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne. Swali lilihusu upeo wa riwaya teule. Mtahiniwa mmoja, ambaye kwa kawaida alikuwa miongoni mwa wanafunzi wangu bora, alieleza kwa ufasaha mkubwa tukio ambalo halimo kitabuni. Alitaja hata machozi ya mhusika na rangi ya nguo alizovaa. Nilipomwita na kumuuliza ni ukurasa upi aliolipata, alinijibu bila wasiwasi, "Sikulisoma, mwalimu. Nililiona." Alikuwa ameliona katika igizo la riwaya hiyo lililoletwa shuleni na kikundi cha maigizo. Sikuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa ni mimi niliyekialika kikundi hicho.

Tukio hilo liliniachia swali. Kazi ya fasihi inapotolewa kitabuni na kupelekwa jukwaani au kwenye filamu, ni kitu gani hubaki na ni kitu gani hupotea? Aidha, tutajuaje kwamba kilichopotea kilikuwa uhai wa kazi yenyewe? Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kuangalia utanzu ambao aghalabu hatuujadili katika kurasa kama hizi, yaani riwaya za kutisha za Uingereza na Marekani pamoja na filamu zilizotokana nazo. Nitataja filamu ninazozipenda na nisizozipenda, na nitatoa sababu. Nimeuteua utanzu huu kwa kuwa riwaya ya kutisha ina kazi isiyofichika: kumtia msomaji hofu. Ikigeuzwa vibaya, kosa huonekana mara moja, kwani hofu huisha.

Kigezo cha Kupimia

Wanafunzi wengi huipima filamu kwa uaminifu wake kwa kitabu. Wao huuliza: Je, matukio ni yale yale? Je, mhusika fulani yumo? Kigezo hiki kina manufaa, lakini hakitoshi. Riwaya ya kurasa mia tatu haiwezi kuingia yote katika saa mbili. Mwongozaji wa filamu sharti apunguze, aunganishe na abadilishe.

Kigezo ninachopendekeza ni chanzo cha hofu. Kila riwaya nzuri ya kutisha ina mahali ambapo hofu yake inatoka. Huenda ikawa ni upweke wa mhusika, shaka ya msimulizi, au ukweli ambao mhusika anaogopa kuujua kujihusu. Filamu inaweza kubadilisha majina, mandhari na hata mwisho, na bado ikakihifadhi chanzo hicho. Inaweza pia kuhifadhi jina la kila mhusika na ikakiua.

Fanani wa hadithi za mazimwi analijua jambo hili vizuri. Hana picha ya zimwi ya kuionyesha hadhira. Ana sauti yake, kimya chake na giza la usiku. Zimwi lenyewe hujengwa na msikilizaji kichwani mwake, na kila msikilizaji hulijenga kwa kipimo cha hofu yake. Tusisahau hali hii tunapoziangalia filamu zifuatazo.

Nyumba Moja, Filamu Mbili

Mfano bora wa kufundishia ni riwaya ya Mmarekani Shirley Jackson, The Haunting of Hill House, iliyochapishwa mwaka wa 1959. Riwaya hii imegeuzwa filamu mara mbili kwa anwani fupi ya The Haunting. Ya kwanza iliongozwa na Robert Wise mwaka wa 1963. Ya pili iliongozwa na Jan de Bont mwaka wa 1999. Katika orodha yangu, ya kwanza iko juu kabisa na ya pili iko chini kabisa.

Riwaya inamhusu Eleanor Vance, mwanamke wa miaka thelathini na miwili ambaye amepoteza ujana wake akimuuguza mama yake kwa miaka kumi na mmoja. Mama amefariki, naye Eleanor anaalikwa na Dkt. Montague, mtafiti, pamoja na watu wengine wachache wakae katika nyumba inayosemekana kuwa na mizimu. Kwa mara ya kwanza maishani Eleanor anahisi kwamba pana mahali panapomtaka. Balaa ni kwamba mahali penyewe ni nyumba hiyo. Anashindwa kuiacha, na hatimaye anaigongesha gari lake kwenye mti anapolazimishwa kuondoka. Chanzo cha hofu, basi, ni upweke wa Eleanor. Msomaji hafikii kujua kwa hakika ikiwa nyumba ndiyo inayomwita au ni nafsi yake inayojiita.

Robert Wise alilielewa jambo hili. Filamu yake, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, haionyeshi mzimu hata mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Tunasikia vishindo ukutani. Tunaona kitasa cha mlango kikizunguka polepole. Tunaona mlango mzito wa mbao ukibonyea kuelekea ndani, kana kwamba kitu kikubwa kinausukuma. Kitu chenyewe hatukioni. Katika tukio jingine, Eleanor anaushika kwa nguvu mkono wa mwenzake gizani akidhani ni wa Theodora. Taa inapowashwa, Theodora yuko mbali naye. Ulikuwa mkono wa nani? Riwaya haijibu, na filamu vilevile haijibu. Hii ndiyo taharuki kwa maana yake kamili.

Isitoshe, Wise aliihifadhi sauti ya ndani ya Eleanor. Mwigizaji Julie Harris anasikika akiwaza ilhali midomo yake imefungwa. Kwa njia hii, uzungumzinafsia wa kitabuni ukapata makao katika filamu. Kuna mabadiliko pia. Dkt. Montague anaitwa Dkt. Markway, na mke wake, ambaye katika riwaya anaamini mizimu kupita kiasi, katika filamu haiamini kabisa. Mabadiliko haya ni makubwa, lakini hayakigusi chanzo cha hofu. Kwa hiyo hayadhuru.

Tuje kwa filamu ya 1999. Hii ilikuwa na waigizaji mashuhuri, wakiwemo Liam Neeson na Catherine Zeta-Jones, pamoja na jumba la fahari. Ilikuwa pia na kompyuta. Shuka zinafanya nyuso za watoto, sanamu zinageuza vichwa, na mzimu wa mwenye nyumba unatokea mkubwa mbele ya macho yetu. Zaidi ya hayo, Eleanor anapewa ukoo unaomhusisha na nyumba hiyo na jukumu la kuziokoa roho za watoto walioteswa na mwenye nyumba. Anakufa akiwa shujaa.

Tatizo liko hapo. Eleanor wa Jackson ni mtu ambaye hana mahali pake duniani. Eleanor wa 1999 ana nasaba, ana kazi ya kufanya na ana ushindi. Upweke umeondolewa, na nafasi yake imejazwa na picha za kompyuta. Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nasi tunaweza kuongeza kwamba zimwi ulilokwisha kuliona kutoka kichwani hadi miguuni halikunyimi usingizi. Mtazamaji anashtuka, kisha anazoea.

Msimulizi Asiyeaminika

Filamu ya pili katika orodha yangu ya zile bora ni The Innocents ya mwaka wa 1961, iliyoongozwa na Jack Clayton. Inatokana na kitabu cha Henry James, The Turn of the Screw, cha mwaka wa 1898. Mwalimu wa kike, asiyetajwa jina katika kitabu, anaajiriwa kuwalea watoto wawili, Miles na Flora, katika jumba la mashambani Uingereza. Anaanza kuwaona watumishi wawili waliokwisha kufa, Peter Quint na Bi. Jessel, na kuamini kwamba wanataka kuwapotosha watoto hao.

Ugumu wa kuigeuza kazi hii uko katika usimulizi. Kitabu kimesimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na hakuna mhusika mwingine anayekiri waziwazi kuyaona yale mwalimu anayoyaona. Je, mizimu ipo, au mwalimu ameshikwa na wazimu? Kamera kwa kawaida haina nafsi ya kwanza. Ikionyesha mzimu, mtazamaji husema, "Basi, upo."

Clayton alitafuta njia. Mara nyingi anatuonyesha kwanza uso wa mwalimu ukibadilika kwa hofu, ndipo anatuonyesha kile anachokitazama. Hivyo tunayaona mambo kupitia kwake na shaka inabaki. Bi. Jessel anasimama mbali kando ya ziwa, kati ya matete, bila kufanya lolote. Mwalimu anamwona, nasi tunamwona, lakini mtoto aliye karibu naye anakana. Nani ni mkweli? Mtahiniwa anayetaka kuelewa tofauti kati ya tukio na mtazamo wa anayelisimulia hatapata mfano ulio wazi kuliko huu.

Ufaafu wa Anwani Uliopotea

Swali la ufaafu wa anwani ni mojawapo ya maswali tunayoyafahamu sana. Tulielekeze kwa I Am Legend, riwaya ya Richard Matheson ya mwaka wa 1954, na filamu ya 2007 yenye anwani iyo hiyo iliyoongozwa na Francis Lawrence, ambamo Will Smith ndiye mwigizaji mkuu.

Katika riwaya, Robert Neville ndiye mtu pekee mjini Los Angeles ambaye hajaambukizwa ugonjwa unaowageuza watu kuwa wanyonya damu. Usiku anajifungia nyumbani. Mchana anazunguka nyumba hadi nyumba akiwaua wanyonya damu wakiwa wamelala. Msomaji yuko upande wake kabisa. Mwishowe inabainika kwamba baadhi ya wale aliokuwa akiwaua walikuwa wagonjwa walio hai, wenye akili timamu, ambao wamepata dawa ya kuudhibiti ugonjwa na wanajenga jamii mpya. Kwao, Neville ni kiumbe wa kutisha anayekuja mchana watu wamelala, akawaua na kutoweka. Anapokamatwa na kuyaona macho yao yaliyojaa hofu, anatambua kwamba yeye ndiye atakayesimuliwa kwa vizazi vijavyo.

Tukitumia istilahi zetu za fasihi simulizi, Neville anajidhania shujaa wa mighani, kumbe ni zimwi katika hadithi za mazimwi za watu wengine. Hicho ndicho kinaya kinachoibeba riwaya yote, na anwani imesimama juu yake.

Filamu ya 2007 imehamishia hadithi New York, na hilo si kosa. Sehemu yake ya kwanza, inayomwonyesha mtu mmoja na mbwa wake katika jiji kubwa lisilo na watu, ni ya kusifiwa. Mwisho ndio unaoiangusha. Neville anavumbua tiba, anamkabidhi mwanamke aliyeokoka, kisha anajilipua pamoja na viumbe waliomshambulia. Msimulizi anatuambia kwamba Neville amekuwa shujaa wa kukumbukwa. Anwani imebaki herufi kwa herufi, ila maana yake imepinduliwa. Riwaya ilimuuliza msomaji, "Una hakika gani kwamba zimwi si wewe?" Filamu inamwambia mtazamaji kwamba zimwi ni yule mwingine, naye aende nyumbani akalale.

La kusikitisha ni kwamba watengenezaji wa filamu walikuwa na mwisho mwingine. Mwisho huo, uliotolewa baadaye katika DVD, unamwonyesha Neville akitambua kwamba kiumbe anayemshambulia amekuja kumchukua mwenzake wa kike aliyefungiwa maabarani. Neville anamrudisha na kuomba radhi. Hauifikii riwaya kikamilifu, lakini ulikuwa umeukaribia ukweli wake. Kwa sababu hiyo ninaiweka filamu hii miongoni mwa nisizozipenda. Iliijua njia na ikaiacha.

Kiumbe Aliyekatwa Ulimi

Frankenstein ya Mary Shelley ilichapishwa mwaka wa 1818, mwandishi akiwa na umri wa miaka ishirini. Riwaya imejengwa kwa mbinu ya hadithi ndani ya hadithi. Nahodha Walton anaandika barua, ndani ya barua kuna masimulizi ya Victor Frankenstein, na ndani ya masimulizi hayo kuna masimulizi ya kiumbe aliyeumbwa na Victor. Kiumbe huyu anajifunza lugha kwa kuisikiliza familia moja akiwa mafichoni. Anasoma vitabu. Anajitetea kwa muumba wake kwa hoja ambazo msomaji hawezi kuzipuuza: umeniumba, umenikataa, nami nimekuwa mwovu kwa sababu ya kukataliwa.

Filamu mashuhuri ya James Whale ya mwaka wa 1931 ilimnyang'anya kiumbe huyo lugha. Boris Karloff, aliyemwigiza, ananguruma tu. Tena, filamu inaeleza kwamba alipewa kwa makosa ubongo wa mhalifu. Swali zito la Shelley kuhusu chanzo cha uovu likapata jibu jepesi, kwamba uovu ulikuwa ubongoni tangu awali. Dhamira ya uwajibikaji wa muumba ikafifia.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuwa mwadilifu. Karloff aliweza kuyasema kwa mikono na macho mengi ambayo mswada ulimnyima. Kiumbe anapoinua mikono kuelekea mwanga wa jua, au anapocheza na mtoto kando ya maji bila kujua kwamba mchezo utaleta kifo, mtazamaji anamhurumia. Whale mwenyewe alimpa kiumbe maneno machache katika filamu iliyofuata, Bride of Frankenstein, ya mwaka wa 1935. Kwa hiyo, ninaipenda filamu ya 1931 kama filamu, lakini simshauri mwanafunzi yeyote aitumie badala ya kitabu. Atakuwa amemwona kiumbe ila hajamsikia.

Je, Mwandishi Ndiye Hakimu?

Pengine mwalimu mwenzangu atauliza kwa nini tusimwachie mwandishi mwenyewe uamuzi. Kisa cha The Shining kinatoa jibu. Stephen King aliichapisha riwaya hii mwaka wa 1977, na Stanley Kubrick akaigeuza filamu mwaka wa 1980. Filamu hiyo inasifiwa mno, lakini King ameilalamikia hadharani mara kwa mara. Malalamiko yake yana msingi. Jack Torrance wa riwaya ni mhusika duara. Ni baba anayempenda mwanawe na anayepigana na ulevi, na hoteli inamwangusha hatua kwa hatua. Jack wa filamu anaonekana kuwa na kichaa tangu mwanzo. Asiyepanda hawezi kuanguka, na kwa hivyo msiba wa kifamilia unapungua.

Mwaka wa 1997 King aliandika mwenyewe mswada wa mfululizo wa televisheni wa sehemu tatu kutokana na riwaya hiyo. Uaminifu ulirudi. Vichaka vilivyokatwa kwa umbo la wanyama, ambavyo Kubrick aliviacha, viliwekwa na vikatembea. Lakini kitu kinachotisha msomaji anapokiwaza kilionekana hafifu kilipochorwa kwa kompyuta. Vyumba na ujia mrefu wa hoteli ya Kubrick, mtoto akiendesha baiskeli yake ndogo katika kimya, hutia hofu zaidi. Uamuzi wangu ni kwamba Kubrick aliokoa mandhari na kupoteza mhusika, ilhali King alimwokoa mhusika na kupoteza hofu. Mwandishi ni shahidi muhimu, lakini hakimu ni kazi yenyewe.

Funzo kwa Darasa

Mifano hii inatufunza nini sisi tunaofundisha riwaya na tamthilia teule? Kwanza, igizo au filamu si muhtasari wa kitabu. Ni uhakiki wa kitabu. Kila mwongozaji ameamua kipi ni muhimu na kipi si muhimu, na anaweza kukosea. Mtahiniwa anayeangalia igizo bila kusoma huwa ameazima maoni ya mtu mwingine bila kujua kwamba ni maoni.

Pili, kitabu kitangulie. Darasa lisome kwanza, ndipo kikundi kialikwe. Baada ya maonyesho, wanafunzi waorodheshe kilichoongezwa, kilichoachwa na kilichobadilishwa, kisha waeleze athari ya kila badiliko kwa dhamira na kwa wahusika. Zoezi hili hukuza uhakiki kuliko muhtasari wa sura kwa sura.

Tatu, mtahiniwa akumbuke kwamba mtahini husahihisha kwa kuirejelea matini. Chozi lililotiririka jukwaani halina alama ikiwa mwandishi hakuliandika.

Hitimisho

Yule mwanafunzi nilimrudishia karatasi yake na kazi ya ziada. Nilimwomba asome sura husika na kunieleza kwa nini waigizaji walilitunga tukio lile. Siku mbili baadaye aliniletea jibu la aya moja. Alisema kwamba kitabuni mhusika huyo haneni wala halii, anawaza tu, na kwa kuwa waigizaji hawakuweza kuyaonyesha mawazo, walimliza. Kisha akaongeza kwamba kwa maoni yake kimya cha kitabuni kiliuma zaidi. Nilimpa alama zote. Tangu hapo bado nawaalika waigizaji, lakini huwaalika muhula wa mwisho.

Maswali ya Kutafakari

1. "Filamu inaweza kuhifadhi anwani ya riwaya na kuipoteza maana yake." Jadili kwa kurejelea mfano mmoja katika makala haya.
2. Eleza namna mbili ambazo mwongozaji wa igizo anaweza kuzitumia kuwasilisha uzungumzinafsia wa mhusika.
3. Teua tukio moja lenye taharuki katika kitabu teule unachokisoma. Ungelionyeshaje jukwaani bila kuipunguza taharuki hiyo? Ni nini ambacho hungekionyesha, na kwa nini?